Kwikwi ya Kobe

Kila siku ya shule Papa Léonard aliondoka nyumbani alfajiri kwa baiskeli, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Binti yake Myriam, mwenye miaka kumi na miwili, alifuata baadaye kwa miguu pamoja na rafiki yake Chancelvie. Walitembea wakipiga soga, wakanunua beignet mbili, yale maandazi ya mtaani, kwenye kona, na walipofika getini walikuwa wameshagombana mara moja na kupatana mara moja. Papa Léonard alikuwa mtunza uwanja wa shule yao, shule moja ya mtaa wa Makomeno, mjini Lubumbashi.

Uwanja huo ulikuwa mpana, nao ulipakana na ua wa kanisa. Mvua zikishaanza kunyesha, majani yake hayakuwa na adabu hata kidogo. Unayakata leo, wiki ijayo yanakusalimia magotini. Kwa miaka mingi Papa Léonard aliyakata kwa mkono, kwa ule upanga mrefu ambao watu wa Lubumbashi huuita coupe-coupe, na jioni alirudi nyumbani mgongo umekakamaa, akishindwa hata kuinama kuvua viatu.

Kisha shule ikapata trakta ndogo ya kukatia majani. Haikuwa mpya. Ilipitia mpakani Kasumbalesa juu ya lori, imefungwa kamba katikati ya magodoro, na siku iliposhushwa wanafunzi wote walitoka madarasani bila ruhusa. Wakaipa jina la Kobe, kwa sababu ilikwenda polepole na haikushtuka wala kushtua mtu.

Kobe hakuwa na gia za kubadilisha. Ndani ya sanduku lake la mwendo mlikuwa na pampu iliyosukuma mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Papa Léonard akikanyaga pedali kidogo, Kobe alikwenda kidogo. Akizidisha, naye alizidisha. Akiondoa mguu, alisimama kwa upole. Papa Léonard alijigamba kwamba angeweza kuweka nusu kikombe cha chai juu ya boneti, akate uwanja mzima, kisha ainywe chai yake bila kupoteza tone. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mwaka huu alikuwa na sababu nyingine ya kutembea kifua mbele. Tarehe mosi ya mwezi wa tano, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, parokia yao ilikuwa na desturi ya kubariki vyombo vya kazi. Washonaji walikuja na cherehani kichwani, wajenzi na mwiko, na wazee waliostaafu mgodini na relini walileta kofia zao za chuma na taa zao za mkono. Watu wote walikusanyika kwenye uwanja wa shule, kwa hiyo majani yalipaswa kuwa mafupi. Miaka yote Papa Léonard alikuwa amebeba coupe-coupe yake begani. Safari hii mkuu wa shule, Mama Directrice Delphine, alikuwa amemkubalia aingie akimwendesha Kobe. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, shati lake lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa ukutani, na ole wake mtoto aliyepita karibu nalo akiwa na mikono ya mafuta.

Jumatatu ya wiki ya sikukuu Papa Léonard alikata majani mpaka mchana, akamfunika Kobe kwa turubai bandani, kisha papo hapo akaenda mtaa wa Hewa Bora kumjulia hali ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Hapo ndipo Myriam alipopata wazo.

"Tumusafishe Kobe," alimwambia Chancelvie. "Papa akifika kesho, anakuta anangaa. Tunamufanyia surprise!"

Wazo lilikuwa zuri, lakini maji yalikuwa kwenye robine, bomba lililokuwa nyuma ya jikoni, hatua hamsini kutoka bandani, na ufunguo wa Kobe ulikuwa mfukoni mwa Papa Léonard. Walijaribu kumsukuma. Magurudumu ya nyuma yaligoma kabisa. Chancelvie, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, aliona karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya trakta, yenye picha ya mtu anayesukuma na mshale unaoonyesha fimbo fupi ya chuma. Wakaivuta ile fimbo, na Kobe akasogea kama baiskeli. Ila kila walipoiachia ilirudi ndani. Myriam akachana utepe wa kitenge cha zamani alichokuwa akifutia dawati, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, akaifunga fimbo ibaki nje. Kazi ikaanza.

Walimwosha Kobe kwa sabuni, wakamsugua, wakaimba. Mwishowe Myriam akainua ndoo na kuimwaga yote juu ya injini, ambayo ilikuwa bado na moto wa kazi.

Psssss! Moshi mweupe ukapanda. Wasichana wakaruka nyuma.

"Umemuua," Chancelvie akanong'ona.

"Hapana. Anapumua tu," Myriam akajibu, akipepea moshi kwa mikono miwili.

Walimrudisha bandani upesi. Fundo la kitambaa lilikuwa limelowa, halikutaka kufunguka. Myriam akalivuta kwa nguvu mpaka kitambaa kikakatika na fimbo ikarudi ndani. Wakamfunika Kobe kwa turubai, wakaenda nyumbani wakiwa na furaha yenye wasiwasi kidogo ndani yake.

Asubuhi iliyofuata walikimbia njia nzima ili wamwone Papa Léonard akishangaa. Walichelewa. Alikuwa amekwisha kuwasha injini, na alikuwa anashangaa kweli, lakini si kwa namna waliyoitaka. Kobe alikwenda hatua moja, akasita, akaruka mbele, akasita tena, akaruka. Kofia ya Papa Léonard ilianguka. Wanafunzi waliosimama pembeni walikuwa wakicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kobe iko na kwikwi! Mumupe maji!" mmoja akapiga kelele.

"Lakini huyu iko na nini?" Papa Léonard aliuliza akiokota kofia. "Jana alikuwa muzima!"

Alizima, akawasha tena. Kwikwi ile ile. Alipomwelekeza kwenye kamlima kadogo kando ya uwanja, Kobe alishindwa kabisa kupanda, akabaki akitetemeka mahali pamoja.

Ndipo Papa Léonard alipotambua jinsi trakta ilivyong'aa. Akamgeukia mlinzi wa geti, Papa Mumba, aliyekuwa amesimama pale na rungu lake. Papa Mumba alikuwa mtu mwema, lakini sifa kwake zilikuwa tamu kuliko sukari.

"Papa Mumba, ni weye ulimusafisha? Aksanti sana, ndugu yangu. Kazi muzuri."

Papa Mumba alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona mtu mwingine aliyenyoosha mkono. "Eh, kidogo tu," akajibu. "Haina kitu."

Myriam alipiga hatua moja mbele. Chancelvie alimvuta sketi.

"Maji iliingia mu tumbo yake," Chancelvie akamnong'oneza. "Ile psss, ulisikia. Tuseme?"

"Nyamaza. Kuko jua. Kesho itakauka."

Siku nzima darasani Myriam hakusikia hata neno moja la hesabu. Aliomba jua liwake, na jua likawaka kwelikweli. Lakini Jumatano asubuhi Kobe alikuwa mkavu kama biskuti, na kwikwi yake ilikuwa pale pale.

Saa nne, wakati wa mapumziko, fundi alifika. Aliitwa Mama Angélique, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya bluu, aliyejifunza ufundi kwa marehemu baba yake katika karakana ya reli. Wanafunzi waliotegemea kumwona akitoa funguo zake za kufungulia nati walisubiri bure. Mama Angélique aliomba kwanza chaki, kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mbele ya kufungula kitu, nauliza kwanza," alisema. "Mashini haina kinywa. Bale balioigusa beko na kinywa. Tangu saa alikuwa muzima mpaka saa alianza hii kwikwi, mulimufanyia nini? Museme byote, hata kile munaona haina maana."

Papa Léonard akaeleza: Jumatatu alikata mpaka mchana, akafunika, akaenda Hewa Bora. Jumanne asubuhi aliwasha, kwikwi ikaanza. Mama Angélique aliandika maneno hayo kwa chaki kwenye sakafu ya saruji.

"Na iko safi hivi, nani alimusafisha?"

"Ni miye," Papa Mumba akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Nilimupanguza tu na kitambaa."

"Na maji?"

"Maji hapana. Kitambaa ya kukauka."

Mama Angélique akaandika: *Kitambaa kikavu.* Kisha akamtazama Myriam, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Na weye, mama mudogo, mutoto ya Papa Léonard? Unapitaka hapa kila siku. Hukugusa kitu?"

Myriam alitazama maandishi ya chaki sakafuni. Neno lilimfika kooni, likakaa pale. Alimwona baba yake akimtazama kwa macho ya kumwamini, na hayo macho ndiyo yaliyomtia hofu zaidi.

"Hapana, mama," alijibu. "Sikugusa."

Basi Mama Angélique akafanya kazi kwa kufuata alichoambiwa. Alipima mafuta ya sanduku la mwendo. Yalikuwa kwenye alama yake. Alibonyeza ukanda unaozungusha pampu kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza vizuri, bila ufa. Aliangalia feni inayopoza sanduku. Haikuwa na jani hata moja. Alitikisa pedali na vyuma vyake, havikulegea. Kila alipomaliza kitu alichora alama ya chaki. Mpaka saa tisa alasiri sakafu ilikuwa imejaa alama, na Kobe alikuwa bado na kwikwi.

Alijifuta jasho kwa kiwiko, akatikisa kichwa.

"Kama inje yote iko sawa, basi ugonjwa iko ndani ya pompe yenyewe," alimwambia Mama Directrice Delphine, aliyekuwa amekuja kutazama. "Na pompe sitafungula hapa, mu hii fumbi. Na bipande byake, labda batu babitafute ngambo ya mupaka. Mwezi moja, labda mbili."

Mama Directrice alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kupenda kutoa habari mbaya.

"Papa Léonard, kuna bwana mmoja wa Kasumbalesa ameniomba mashine hii mara mbili, anataka vipuri vyake. Kesho saa kumi alasiri atapita hapa. Shule haiwezi kuweka mashine isiyotembea. Unisamehe, papa. Naona nimwachie aichukue."

"Nasikia, Mama Directrice," Papa Léonard akasema. Akaenda nyuma ya banda, akatafuta coupe-coupe yake, akaanza kuinoa juu ya jiwe.

Jioni hiyo Myriam alimpelekea maji. Nusu ya uwanja ilikuwa bado na majani marefu. Baba yake alikata huku akiimba wimbo wa kanisani, lakini alipopokea chupa Myriam aliona malengelenge mawili kwenye kiganja chake, moja limeshapasuka.

"Papa, inauma?"

"Kidogo. Hii mikono ilisahau kazi, sasa inakumbuka." Akacheka. "Usijali, mama. Ijumaa nitabeba coupe-coupe kama kila mwaka. Padri anaiyua tayari, hatauliza jina yake."

Angegomba, ingekuwa nafuu. Kile kicheko kilimchoma Myriam moyoni kuliko fimbo yoyote. Shati lililopigwa pasi lilikuwa bado limetundikwa ukutani walipofika nyumbani, na Myriam hakuweza kulitazama. Alikula matonge mawili tu ya bukari, ule ugali wa kila siku, akasema ameshiba.

Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde. Alimpitia Chancelvie mapema, na kwenye kona ya beignet hawakusimama hata kidogo.

"Nitasema," Myriam akasema.

"Na miye nitasimama pembeni yako," Chancelvie akajibu. "Lakini weye njo wa kwanza kusema."

Bandani walimkuta Mama Angélique akikusanya funguo zake, Papa Léonard akimsaidia, na Papa Mumba akishikilia sanduku la vyombo. Myriam aliingia, akashika mikono nyuma, akasema yote kwa pumzi moja kabla woga haujamrudia.

"Papa, ni miye nilimuharibisha Kobe. Miye na Chancelvie. Jumatatu tulimusafisha na maji na sabuni, tulitaka kukufurahisha, na nilimwanga ndoo muzima juu ya moteur, ikafanya psss. Jana nilidanganya. Nisamehe, papa. Mama Angélique, nisamehe."

Papa Léonard aliketi polepole juu ya ndoo. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Papa Mumba, na Papa Mumba akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

"Ni kweli," mlinzi akasema akiinamisha kichwa. "Miye sikumusafisha. Hata kitambaa sikushika. Ulinipa aksanti, Papa Léonard, na ile aksanti ilikuwa tamu, nikaikamata. Kisha nikashindwa kuirudisha."

Mama Angélique alitazama sakafu, pale alipoandika *Kitambaa kikavu*. Akaifuta kwa kisigino cha kiatu.

"Maji!" alisema, na ghafla akaangua kicheko. "Mutoto yangu, siku tatu unabeba dhambi ya maji? Hii mashini inanyeshewaka na mvua kila mwaka. Lile sanduku limefungwa, maji haingii hivi hivi. Ile psss ilikuwa chuma ya moto tu. Haifai kufanya, inaweza kupasua moteur, lakini haileti kwikwi."

Myriam hakuelewa afurahi au alie. Siku tatu za mateso kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikuwa kosa lenyewe!

Lakini Mama Angélique alikuwa ameacha kucheka. Alikunja uso, akatazama nje.

"Ngoja kwanza. Robine iko wapi?"

"Nyuma ya jikoni," Chancelvie akajibu.

"Na clé ilikuwa mu mufuko ya Papa Léonard, kule Hewa Bora. Sasa Kobe alifikaje ku robine? Alienda na miguu yake?"

"Tulimusukuma," Myriam akasema. "Alikataa kwanza. Tukavuta kile kichuma cha nyuma, akakubali. Kilikuwa kinarudia-rudia, nikakifunga na kitambaa. Kisha tulikirudisha. Ile haina kitu, mama."

Mama Angélique aliweka funguo zake chini. "Haina kitu," akarudia polepole. "Léonard, nipe torshi."

Alilala chali juu ya gunia, akajisukuma chini ya trakta mpaka ikabaki miguu tu. Walisikia anaguna, kisha anacheka peke yake huko chini. Mkono ukatoka, ukaomba koleo. Ukaingia. Ulipotoka tena, kwenye meno ya koleo palikuwa na utepe wa kitenge, mchafu, umejikunja kama mnyoo; lakini bado ulionekana kijani, na juu yake ndege mmoja wa njano.

"Njo huyu hapa," alisema. "Huyu ndege njo alikuwa anafanya kelele."

Kisha akaisukuma ile fimbo kwa kiganja. Ilikuwa imebaki nje upana wa kidole kimoja tu, ndani kabisa nyuma ya bamba, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuona. Ilizama na kulia: *tak!*

Aliwaeleza akiwa amekaa sakafuni, shavu limepakaa mafuta. Ile fimbo, alisema, hufungulia mafuta njia ya pembeni. Ikiwa nje, mafuta yanazunguka bure bila kusukuma kitu, ndiyo sababu magurudumu yanalegea na watoto wawili wanaweza kumsukuma Kobe. Ikiwa ndani, mafuta yote yanakwenda kufanya kazi. Lakini kipande cha kitambaa kilikuwa kimeizuia katikati. Mafuta mengine yalisukuma, mengine yakatoroka. Nguvu ikaja, ikapotea, ikaja tena.

"Kama jana ningeyua kama alisukumwa na mikono, ningeanzia hapa," Mama Angélique akamaliza. "Dakika tano. Sikuangalia kile kichuma karibu, sababu muliniambia ni kitambaa ya kukauka tu."

Papa Léonard hakusubiri zaidi. Alipanda, akawasha, lakini kabla hajakanyaga pedali Mama Angélique alimzuia. Alichukua kikombe cha Papa Mumba, kilichokuwa na chai nusu, akakiweka juu ya boneti.

"Unasemaka hautamwanga hata tone. Tuone."

Kobe alitoka bandani kwa utulivu. Akavuka ua, akapanda kale kamlima kando ya uwanja bila kusita, akageuka, akarudi. Chai ilicheza ndani ya kikombe, ikakaribia ukingo, ikabaki ndani. Wanafunzi waliokuwa wakingoja kengele walipiga makofi kana kwamba timu yao imefunga bao. Papa Léonard alikunywa chai akiwa juu ya kiti chake. Papa Mumba alitaka kusema kwamba chai ilikuwa yake, akaona heri anyamaze.

Saa kumi alasiri yule bwana wa Kasumbalesa alifika na gari lake la mizigo. Alimkuta Kobe katikati ya uwanja, majani yakiruka pembeni, na Mama Directrice akiwa amesimama na kitabu kifuani.

"Umechelewa, papa," akamwambia kwa tabasamu. "Mgonjwa amepona."

Jioni Papa Léonard alimwita Myriam. Hakupandisha sauti, maana hakuwa na haja.

"Ulitaka kunifurahisha, naona. Kwa ile, aksanti. Lakini Mama Angélique alikuuliza mbele yangu, ukasema hapana. Hiyo njo iliniuma, kupita hii mikono." Akanyoosha kidole uwanjani. "Majani ya karibu na milingoti ya goli, Kobe hafiki pale. Weye na Chancelvie mutayangoa na mikono, kila Jumamosi, mpaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, papa."

"Na Papa Mumba atamusafisha Kobe mwezi muzima. Ameomba yeye mwenyewe. Sawa, nilimusaidia kidogo kuomba."

Ijumaa ilipofika, uwanja ulikuwa umenyolewa vizuri, na hewa ilinukia majani mabichi. Cherehani zilikuja, miiko ya wajenzi ikaja, na taa za relini zikaja mikononi mwa wazee. Mwishowe Papa Léonard akaingia, shati lake bila mkunjo hata mmoja, Kobe akienda polepole kama inavyompasa kobe. Kwenye usukani alikuwa amefunga utepe wa kijani uliofuliwa, wenye ndege mmoja wa njano.

Padri alinyunyiza maji ya baraka juu ya mashine, kisha akarudi nyuma kuitazama.

"Iko safi kweli!" alisema mbele ya watu wote. "Nani aliisafisha hivi?"

Papa Mumba alikuwa ameifuta asubuhi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sifa zilikuwa haki yake. Alivuta pumzi, akanyoosha mgongo. Halafu akamtazama Myriam.

"Lelo ni miye, mon père," akasema. "Lakini Jumatatu, ilikuwa hawa batoto babili."

Watu wakageuka. Myriam aliona uso wake unawaka moto, lakini safari hii neno halikukwama kooni.

"Ni kweli, mon père. Na tulivuta kile kichuma cha nyuma. Na tukakifunga na kitambaa. Na kitambaa kikabaki ndani."

Uwanja mzima ukacheka, padri akiwa wa kwanza, na Myriam akajikuta anacheka pia. Mama Angélique, aliyekuwa amekuja na sanduku lake la funguo ili libarikiwe, alimwekea mkono begani.

"Sasa umejifunza kazi kubwa ya fundi," alimwambia. "Weye ulificha maji, ukafikiri njo ubaya yote, na kile uliona haina kitu, njo kilikuwa kinamutesa Kobe. Kwa hiyo ukisema kweli, usichague kipande. Useme yote. Mwenye anakusikiliza njo atayua kile cha kukamata."

"Nimesikia, mama," Myriam akasema.

Papa Léonard akawaita wale wasichana wawili, akawaonyesha fimbo ya nyuma, na mbele ya macho yake akawaacha waivute na kuirudisha mara tatu, mpaka wote watatu waliposikia *tak*.